Picha ya Mwezi Gani?

Mwaka 2014 niliingia ofisi ya kijiji kimoja cha bonde la Kilombero nikiwa na ramani tatu zilizoviringishwa kama mikeka. Nilizibandika ukutani kwa selotepu, pembeni ya kalenda ya duka la pembejeo. Ya kwanza ilitokana na picha ya setilaiti ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, bonde likiwa bluu na kijani kibichi. Ya pili ilikuwa ya 2013, bonde likiwa kahawia. Ya tatu ilikuwa jasho langu mwenyewe: kila mahali palipokuwa na maji au majani ya majimaji kwenye picha ya zamani, na pasiwe nayo kwenye picha mpya, nilipapaka nyekundu. Ukuta mzima ulikuwa mwekundu.

"Hii," nikasema, "ndiyo ardhioevu iliyopotea."

Watu wakakaa kimya, nami nikaudhania ukimya ule kuwa mshtuko. Mama mmoja, mjumbe wa kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, akainuka na kwenda hadi ukutani. Akainama kusoma yale maandishi madogo ya pembeni, ambayo sisi wachora ramani huyaweka kwa sababu mwalimu alisema lazima yawepo. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa kusoma mizani kwanza, maneno baadaye.

"Mwanangu," akasema, "hii ya kwanza umeandika Juni. Hii ya pili umeandika Oktoba. Mwezi wa sita mimi hapa napita kwa mtumbwi. Mwezi wa kumi napita kwa baiskeli na vumbi linanitimkia. Sasa hapa umepima miaka, au umepima miezi?"

Nilianza kusema kitu kuhusu vigezo vya kitaalamu, nikaona haya kabla sijaifikisha sentensi mwisho.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Nimekulia Ifakara. Nyumba yetu ilikuwa mjini, ila nusu ya mwaka hatukuwa watu wa mjini. Mvua zikikaribia, mama alifunga mlango kwa kufuli tukahamia shamba, ng'ambo ya mto, na kurudi kwetu kulitegemea mpunga umekuwa magunia mangapi na umekuwa lini. Tulivuka kwa pantoni pale Kivukoni, maana daraja lilikuja kufunguliwa mwaka 2018. Shambani tulilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti: juu watu, chini moshi wa kufukuza mbu. Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege, kwa kopo, kombeo na sauti. Machi na Aprili mto ulitoka kitandani, na asubuhi nyingine tuliamka tukakuta ngazi ya dungu imemezwa vipandio viwili. Kambale tulimtega katikati ya mashina ya mpunga. Septemba, palepale, tulicheza mpira, na tatizo letu likawa nyufa za udongo zilizokuwa zikimeza vidole vya miguu.

Neno ardhioevu nililisikia mara ya kwanza darasani. Nyumbani palipolimwa tulipaita shamba, na palipozidi shamba tulipaita mbugani, basi. Mtoto aliyelala juu ya maji mwezi wa nne na kupiga chenga juu ya nyufa mwezi wa tisa ndiye aliyekuja kuweka Juni na Oktoba kwenye mizani moja. Chuo kilinifundisha kuliona bonde kutoka kilomita 705 juu, ambako setilaiti za Landsat hupita, na nilipofika huko juu nikayaacha ya chini.

Lakini kosa lile halikuwa uzembe mtupu, na nadhani inafaa kueleza lilivyozaliwa, kwa sababu bado linazaliwa kila siku.

Landsat 8 hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 16. Kila nukta ya picha yake, pikseli, ni mraba wa mita 30 kwa 30 ardhini, yaani mita za mraba 900, pungufu kidogo ya robo eka. Kwa hesabu ya vidole unapata picha zaidi ya 20 kwa mwaka. Kwa Kilombero hesabu hiyo ni ya kujifurahisha. Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na mvua zikishaanza mawingu hukaa pale kama mgeni asiyeaga. Picha unazo, ila ni picha za pamba. Unasubiri kiangazi, ndipo anga hufunguka. Kwa hiyo ramani nyingi za ardhioevu zimechorwa kutokana na miezi ambayo ardhi hiyo imekauka. Ni sawa na kumpiga mtu picha ya harusi siku anayofua nguo.

Kwa miaka ya 1990 hali ni mbaya zaidi. Kazi wakati ule ilifanywa na Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, mzee mvumilivu aliyedumu hadi 2013. Lakini uwezo wake wa kurusha picha kupitia setilaiti nyingine ulikufa mapema katika miaka hiyo, ikabidi itegemee kituo cha kupokelea kilicho ndani ya upeo wake. Sehemu kubwa ya Afrika ikabaki na pengo katika hazina ya picha. Ukipata picha moja ya bonde lako isiyo na wingu kutoka enzi hizo, unaishika kwa mikono miwili. Mimi nilipata ya Juni. Landsat 8 nayo ilirushwa Februari 2013, na picha yake safi niliyoipata mwaka huo ilikuwa ya Oktoba. Nikazifungisha ndoa. Sikuuliza koo.

Wala hilo halikuwa kosa la pekee kwenye ramani ile. Kaskazini kidogo ya mto, kwenye ile ya Oktoba, kulikuwa na bwawa kubwa lisilo na jina. Katika kazi nzima lilikuwa kitu pekee cha kutia moyo, nami nikalipenda. Siku mbili baada ya kikao, nikitafuta pa kuiokoa heshima yangu, nilikodi boda boda nikampa kijana namba za GPS. Tukaenda zaidi ya saa nzima, mpaka njia ikaisha, tukaanza kukata mbuga yenyewe.

"Bosi, tunatafuta nini huku?"

"Bwawa."

Akasimamisha pikipiki, akanitazama kwenye kioo cha pembeni. Yeye ni mwenyeji, alikuwa na haki ya kucheka na hakucheka. Tulipofika mahali penyewe GPS ikalia, nami nikashuka nikiwa na mabuti ya mpira hadi magotini. Mbele yetu kulikuwa na majivu. Nyasi zilizochomwa, na katikati yake vichipukizi vya kijani urefu wa kidole, na kinyesi cha ng'ombe. Wafugaji huchoma ili nyasi mpya zichipue, na walikuwa wamechoma mwaka uliotangulia pia, siku chache kabla setilaiti haijapita.

Majani mabichi hurudisha kwa nguvu ule mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni; maji huumeza, kwa hiyo kwenye picha hutokea meusi. Majivu nayo ni meusi. Kivuli cha milima saa nne asubuhi, wakati setilaiti inapita, nacho ni cheusi. Ukiifundisha programu kwamba cheusi ni maji, itakuchimbia mabwawa kila palipoungua. Ipo dawa yake, mwanga wa infraredi wa mawimbi marefu zaidi, ambao hutenganisha majivu na maji vizuri tu. Mimi niliruka hatua hiyo kwa kuwa ramani ilikuwa tayari imependeza. Kijana wa boda alinidai elfu tano ya ziada kwa ajili ya majivu yaliyoingia kwenye injini, nikalipa bila kubisha.

Kuanzia hapo nikaanza kazi upya, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpunga.

Mbele ya setilaiti, mpunga na matete ni mapacha. Wote husimama kwenye maji mwezi wa tatu, wote ni kijani mwezi wa tano, wote hupauka kiangazi. Ukichukua picha moja tu, hata ikiwa nzuri vipi, unaweza kuliita shamba la mtu kinamasi, na kinamasi ukakiita shamba la mtu. Niliyaona yote mawili. Kinachowatofautisha ni mwendo wao wa mwaka. Mpunga hupanda, hufika kileleni, kisha huanguka ghafla siku mundu unapopita. Baada ya hapo ni mabua tu. Nyasi za mbugani hushuka polepole, huungua, kisha Oktoba huonyesha kijani kidogo kabla hata tone la mvua halijadondoka, kwa sababu mizizi bado inanyonya maji ya chini. Kile kijani kidogo cha Oktoba, nilichokikanyaga kwa mabuti siku ya majivu, ndicho kilichonifundisha kuitambua mbuga iliyo hai.

Ili kuona mwendo unahitaji picha nyingi, na hapo bahati ilikuwa upande wangu. Hadi kabla ya 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa karibu dola 600. Mwaka huo Wamarekani wakafungua ghala lote bure. Mwaka 2014 Ulaya ikarusha Sentinel-1, na 2015 ikaanza kurusha Sentinel-2, ambayo pikseli yake ni mita 10. Sentinel-2 zilipokuwa mbili, mwaka 2017, zikawa zinapita juu yetu kila siku tano. Hesabu ambayo zamani ingehitaji chumba kizima cha kompyuta nikawa naifanya kwenye mashine za Google, kwa intaneti ya bando la usiku.

Sentinel-1 ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Haitegemei jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe ya rada kisha husikiliza yanavyorudi, na wingu si kitu kwake. Maji matulivu huyarusha mawimbi pembeni kama kioo, yasirudi, kwa hiyo hutokea meusi. Matete yaliyosimama ndani ya maji hufanya kinyume: wimbi hugonga maji, hugonga shina, hurudi lilikotoka, na mahali hapo hung'aa. Kwa mara ya kwanza nikaliona bonde la Aprili kutoka juu, lile ambalo picha za kawaida hazijawahi kunionyesha. Nikaitafuta Kivukoni. Nikahesabu kuelekea lilikokuwa dungu letu. Palikuwa peusi. Mama yangu alipofika kunitembelea nilimwonyesha kwenye skrini. Akauliza kama mashine hiyo inaweza kusema bei ya mpunga itapanda lini.

Nilipolinganisha Juni na Juni, wekundu ulipungua sana. Ila haukuondoka, na hilo nalisema kwa sauti, maana wapo wanaofurahia makosa kama yangu ili waseme hakuna kilichopotea. Kimepotea. Uliobaki ulikuwa na umbo: ukanda unaoshuka kutoka pande zote mbili za bonde kwenda katikati, kutoka upande wa barabara na reli ya TAZARA, na kutoka ng'ambo. Mwanzoni ukanda wenyewe ni mashamba ya umbo lolote, kisha ndani zaidi kunatokea miraba, majaruba yaliyopangika, halafu njia za ng'ombe zilizotawanyika kama mishipa. Bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhioevu, ile ya Ramsar, mwaka 2002, kilomita za mraba 7,967. Ni makao makuu ya mnyama sheshe, aliye mchache sana kwingine Tanzania. Maji yake ndiyo sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, yale yanayosubiriwa na mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Kwa hiyo ukanda ule si suala la kijiji kimoja.

Lakini pikseli haisemi nani wala kwa nini. Mama mwenye eka mbili na mwekezaji mwenye maelfu ya eka hutoa kijani kilekile. Aliyeshuka bondeni kwa sababu ardhi ya juu imekuwa miwa, mitiki au hifadhi, na aliyeshuka kwa sababu amesikia trekta ni rahisi kukodi, setilaiti huwaona kuwa kitu kimoja. Na rangi niliyoichagua nayo ilikuwa na mdomo wake. Nilichagua nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya programu. Kwenye bonde ambalo mwaka 2012 lilipitiwa na operesheni ya kuondoa mifugo, na ambalo sehemu yake ilipandishwa hadhi mwaka 2023 kuwa Pori la Akiba, nyekundu si rangi ya orodha. Ni hukumu. Ramani yangu ilikuwa ndogo mno kuwafikia wakubwa, lakini za jamii yake huwafikia, na zikifika mezani husomwa haraka, na maandishi ya pembeni hayasomwi.

Kwenye toleo la pili niliifuta nyekundu nikaweka rangi ya udongo. Palipokuwa na shaka nikaweka kijivu, na kijivu kikawa kingi, kwa sababu Juni ya miaka ile bado ilikuwa picha moja tu, na Juni moja inaweza kuwa imefuata masika makubwa au masika ya ubahili. Bosi wangu wa wakati ule hakukipenda kijivu. Aliniambia wafadhili hawalipii kijivu. Tulibishana siku tatu, nikashinda kwa sababu muda wa kuwasilisha ulikuwa umekwisha.

Nilirudi kijijini mwaka 2017. Safari hii mwezi niliuandika juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha ramani. Mama yule alikuwepo, nywele zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda ukutani moja kwa moja. Alianza pembeni, akasoma mwezi wa kwanza, akasoma wa pili, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatafuta barabara, akafuata mto kwa kidole, akasimama kwenye ile rangi ya udongo.

"Hapa ni kwangu."

Nikaanza kumweleza kwamba vipimo vina mipaka yake, kwamba pikseli moja inaweza kukosea. Akanikatiza.

"Hujakosea. Hapa palikuwa na matete marefu kuliko mtu. Nimeyafyeka mwenyewe, mwaka 2003, nilipouza shamba la juu kumsomesha kijana. Sikuwa na pengine pa kwenda ila kushuka." Aliyasema hayo mbele ya kamati nzima na mbele ya mtendaji, na hakuna aliyeguna.

Kisha kidole kikapanda, kikavuka reli, kikasimama mahali ambapo ramani yangu ilikuwa tupu, nyeupe safi, maana yake hapakuwa na mabadiliko.

"Lakini hapa mbona hujapaka chochote? Hapa palikuwa na chemchemi. Tulikuwa tunachota maji, na wazee walikuwa wanavua ngogo. Ilikauka nikiwa msichana, wakati Wachina wanajenga reli."

Ramani zote nilizowahi kutengeneza huanza na picha ya kwanza niliyoipata, na kila kilichotoweka kabla ya picha hiyo huhesabiwa kuwa hakijawahi kuwepo. Nilimwomba anitajie jina la chemchemi, nikaliandika kwenye daftari, pamoja na miaka kama alivyoikadiria yeye. Usiku nikatafuta. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na pikseli yake ilikuwa na upana wa karibu mita 80. Chemchemi ile, kwa maelezo yake, ilikuwa na ukubwa wa uwanja wa shule. Nilichopata ni pikseli chache, moja ikiwa nyeusi kidogo kuliko jirani zake. Inaweza kuwa maji. Inaweza kuwa majivu.